Sadaka na Uso wa Mpokeaji

Mfadhili wa Marekani aliyelipa kwa miaka kadhaa karo ya mtoto asiyemjua ila kwa picha na barua, afungapo safari mpaka kijijini kwake kando ya Ziwa Victoria, huwakuta wanafunzi wamekwisha kupangwa safu wamwimbie, na mtoto yule ameitwa mbele ya wenziwe, macho chini. Na hapo lazuka suala la kale, iwapo mtoaji ana haki ya kuutazama uso wa mpokeaji.

Sura ya Al-Baqara yairidhia sadaka ya dhahiri, ila yaifadhilisha ile wapewayo mafakiri kwa siri, tena yaonya kuwa masimbulizi na udhia huibatilisha. Naye Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, juu ya sadaka ya wasiojuana hakuweka daraja ila moja, ya kumwezesha mhitaji ajitegemee.

Mimi mwimbo ule wanitia huzuni. Lakini ziara siikatai, kwani alasiri, mama wa mtoto amwandaliapo mgeni ugali na samaki, mfadhili naye huwa mpokeaji, na mtoto, aliyekuwa kimya shuleni, ndiye ammiminiaye maji ya kunawa, akimwuliza habari za kwao.