Bibi Anauliza: Maji Yetu Yana Nini?



Ndugu zangu katika imani, nianze na bibi yangu. Miaka michache iliyopita, kijana mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii alifika kijijini kwetu na dodoso mkononi. Alimuuliza bibi maswali kwa karibu saa nzima: maji anachota wapi, anayachemsha au la, amezika watoto wangapi. Bibi alijibu yote, akamkirimu chai na mihogo. Kijana akashukuru, akaondoka, hakurudi tena. Likizo iliyopita bibi aliniuliza, "Mjukuu wangu, yule mwanafunzi alifaulu? Na maji yetu, walisema yana nini?"

Swali la kwanza niliweza kulikisia. La pili sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo najiuliza: mtu akipata shahada kwa majibu ya watu, je, watu hao wanamdai?

Wapo watakaosema hapana. Aliomba ridhaa, akapewa. Matokeo yamo katika tasnifu, tasnifu imo maktaba, na faida itawafikia wote kupitia sera za serikali. Hoja hii ina uzito. Lakini bibi hasomi Kiingereza, na maktaba iko mbali. Ridhaa humwondolea mtafiti kosa la kuchukua bila idhini. Haimwondolei wajibu kwa kile alichokabidhiwa. Bibi alitoa habari za watoto wake waliokufa, akitumaini kwamba wa wenzake watapona. Hiyo ni amana, na Qur'ani inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe (An-Nisaa: 58).

Walimu wa fani hiyo nao wameliona tatizo. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya uzamili ya afya ya jamii chini ya mpango uliosaidiwa na Rockefeller Foundation, ulioitwa shule za afya ya jamii zisizo na kuta. Mwanafunzi alitakiwa kutumia sehemu kubwa ya masomo yake wilayani, akifanya kazi pamoja na wahudumu wa afya. Mwaka 2010, tume ya kimataifa iliyoongozwa na Julio Frenk na Lincoln Chen ilieleza katika jarida la Lancet kwamba mitaala ya wataalamu wa afya imepitwa na wakati na hailingani na mahitaji ya wananchi. Basi kuta zilianza kubomolewa. Lakini mtu anaweza kwenda kijijini mara kumi na bado akawa mchukuaji tu.

Napendekeza hivi: kabla ya kupewa shahada, mwanafunzi arudi kwa wale waliomjibu, awaeleze kwa lugha yao alichokipata, hata kama hakupata kitu, nao wapewe nafasi ya kumkosoa. Kikao hicho kiwe na alama, kama ulivyo utetezi wa tasnifu. Atakayelalamikia gharama, nauli iwekwe katika bajeti tangu mwanzo. Iliyopatikana ya kwenda kuuliza itapatikana ya kwenda kujibu.

Na asidhani kwamba anakwenda kufundisha tu. Sayyidna Umar (r.a.) alipofika Sargh akielekea Sham na kusikia habari za tauni, aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi. Abu Ubayda alimpinga waziwazi. Mwishowe Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwepo kwenye mashauriano, ndiye aliyekuja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyomaliza jambo. Elimu ilikuwa kwa mtu ambaye hajaulizwa. Nani ajuaye bibi anajua nini kuhusu kisima kile, ambacho dodoso halikuuliza?

Tusiwalaumu wenzetu wa afya peke yao. Sisi tunaosoma sharia tunajua kwamba maji yasiyobadilika rangi, ladha wala harufu huweza kuhukumiwa kuwa twahara. Maji hayohayo yanaweza kubeba kipindupindu. Imam Ghazali katika Ihya aliuhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake kwa kujazana katika fiqhi huku miji ikikosa tabibu Mwislamu. Hapa Uganda tuna mfano wa kufuata. Mwaka 1992 Islamic Medical Association of Uganda ilianza kuwafundisha maimamu kuhusu UKIMWI, nao wakaifikisha elimu hiyo misikitini na majumbani. Mwaka 1998 UNAIDS iliutangaza mradi huo kuwa mfano bora. Daktari na imamu walisoma pamoja, na elimu ikafika mlangoni mwa mtu.

Nimeanza kuitafuta tasnifu ile. Nikiipata, nitamsomea bibi, in shaa Allah. Lakini kazi hiyo haikuwa yangu, na bibi hakupaswa kusubiri mpaka mjukuu wake afike chuo kikuu.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atuepushe na elimu tutakayodaiwa kesho. Wabillahi tawfiq.