Paka akila kinachomdhuru: Nia njema peke yake haitoshi

SHUKRANI zote anastahiki Allah (SW), Muumba wa mbingu na ardhi na viumbe vilivyomo. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu Waislamu, wengi tunaijua Hadith ya Ibn Umar (RA), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie, mpaka akafa. Kila tukiisikia tunajiona tumesalimika, kwani paka wetu wanakula na kushiba. Lakini wanakula nini?

Tazama makombo tunayowatupia. Mna rojo la vitunguu maji na vitunguu saumu. Vitu hivi, viwe vibichi au vimepikwa, huharibu chembechembe nyekundu za damu ya paka. Takriban gramu 5 za kitunguu maji kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kumdhuru. Chokoleti nayo ni sumu kwake. Unga mbichi wa maandazi wenye hamira huumuka tumboni mwake na kutoa pombe. Na yupo anayemwonea huruma paka mgonjwa akampa panadol, ilhali kidonge kimoja tu kinaweza kumuua.

Je, akishakula tufanyeje? Hapa ndipo mazoea yanapoua. Mmoja ataleta maziwa, mwingine atamnywesha mafuta ya kula, wa tatu maji ya chumvi ili atapike. Maziwa hayaondoi sumu, mafuta ya kulazimishwa huweza kuingia mapafuni, na chumvi nyingi yenyewe ni sumu.

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (RA) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akauliza kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wenzake wakamwambia hana, akaoga, akafa. Mtume (SAW) aliwakemea vikali, akafundisha kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Wale hawakuwa na nia mbaya. Walijibu wasilolijua, na mtu akafa.

Basi tuulize. Kiondoe chakula kilichobaki, kumbuka amekula nini, kiasi gani na saa ngapi, chukua na pakiti yake kama ipo, umwahi daktari wa mifugo. Usingoje dalili. Madhara ya kitunguu huweza kuchukua siku kadhaa kuonekana: paka hunyong'onyea, ufizi hupauka, huhema haraka, na mkojo hugeuka mwekundu au wa kahawia.

Atasema mtu: sisi wenyewe pesa ya hospitali hatuna, seuze paka! Ni kweli hali ni ngumu, na Allah (SW) haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini kinga haina gharama. Kabla hujaunga mchuzi, mtengee kipande cha samaki wa kuchemsha asiye na miba. Vidonge na chokoleti vifungie kabatini. Hilo halimshindi maskini wala tajiri.

Mnyama tuliyemzoesha kula mkononi mwetu anatuamini. Hajui lipi chakula na lipi sumu. Sisi tunaweza kujua. Tutaulizwa juu ya amana hiyo.

Wabillahi tawfiq.