Ujira wa Dalali na Haki ya Anayemsikiliza

Swali la iwapo mtu anaweza kulipwa na upande mmoja wa biashara, akaushauri upande wa pili, na ushauri wake ukabaki wa kweli, ni la zamani sana, lakini katika wilaya za Bukoba na Muleba halijawahi kuwa swali la vitabuni tu. Kahawa ya huko, hasa robusta, hupandwa pamoja na migomba katika kibanja, yaani shamba linaloizunguka nyumba ya Mhaya. Na kati ya kibanja na mnunuzi mkubwa mara nyingi husimama dalali, ambaye hana shamba wala mtaji, ila ana neno lake, na kwa neno hilo hulipwa kamisheni, yaani fungu linalotokana na mauzo aliyoyafanikisha. Kijana wa Bukoba mjini anayesifia simu au mafuta ya ngozi kwa njia ya intaneti, akapata asilimia kila mtu anaponunua kupitia kwake, anafanya kazi hiyohiyo.

Kazi hiyo yenyewe si uovu. Imamu Bukhari, aliyeishi katika karne ya 9, aliweka katika mkusanyiko wake wa hadithi mlango mahsusi kuhusu ujira wa dalali, akawataja wanazuoni wa mwanzo, wakiwamo Ibn Sirin na Ata, ambao hawakuona ubaya ndani yake. Kilichokatazwa na Mtume Muhammad ni kitu kingine: najash, yaani mtu asiye na nia ya kununua kupandisha bei ili kumvuta mwingine, na kuwalaki wenye bidhaa njiani, kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Anayeifahamu Muleba hawezi kulisoma katazo hili la pili bila kuwakumbuka wanaozunguka vijijini msimu unapokaribia.

Dalali huingia kibanjani, akakuta kahawa ya maganda imeanikwa, akachota konzi moja na kuitikisa karibu na sikio ili asikie kama punje zinacheza ndani ya ganda, kisha akasema kwamba bado haijakauka. Huenda anasema kweli. Lakini ikiwa aliyemtuma humwachia tofauti ya bei, kila shilingi inayopungua kwa mkulima huongeza fungu la msemaji, na mwenye kibanja, asiyelijua hilo, huipokea kauli yake kama shauri la jirani. Haki inayovunjwa hapo si ya bei peke yake, bali ni haki ya kujua anayesema anasema kwa niaba ya nani.

Cicero, mwanafalsafa wa Roma ya kale, alisimulia habari ya mfanyabiashara aliyefika Rhodes na nafaka wakati wa njaa, hali akijua kwamba meli nyingine zenye nafaka zilikuwa njiani, akauliza kama mtu huyo alipaswa kuwaambia wanunuzi. Yeye mwenyewe alihukumu kwamba alipaswa. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alilegeza hukumu hiyo: kwa haki tupu mfanyabiashara halazimiki kuitangaza habari ya aina hiyo, ingawa akiitangaza atakuwa ametenda wema mkubwa zaidi, lakini kasoro iliyofichika ndani ya bidhaa yenyewe hana budi kuitaja, iwapo inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari. Ulegevu huo unamfaa muuzaji, ambaye kila mtu anamjua kuwa muuzaji. Haumfai dalali hata kidogo. Bidhaa ya dalali ni ushauri, na maslahi yake ni kasoro iliyofichika ndani ya ushauri huo, hivyo kwa kanuni ya Thomas mwenyewe analazimika kuitaja kabla hajaaminiwa.

Hata hivyo, kutaja hakutoshi, na hapa ndipo ugumu ulipo. Ipo desturi inayoitwa butura, ambayo mamlaka za mkoa wa Kagera, zilimo wilaya hizo, zimeipiga marufuku mara kwa mara: mkulima huuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine katika maua, kwa bei ya chini, kwa sababu ada ya shule inadaiwa au mgonjwa yuko hospitalini. Dalali wa butura anaweza kusema kila kitu, kamisheni yake na faida ya aliyemtuma, na mama aliyebanwa na shida bado akapokea fedha. Ukweli umesemwa, lakini aliyeambiwa hana la kuufanyia. Ushirika, tangu Bukoba Native Cooperative Union ya mwaka 1950 hadi Chama Kikuu cha Ushirika Kagera cha leo, ulikusudiwa kumpa mkulima msemaji aliye wake, ila vyama vinapochelewesha malipo mlango wa butura hufunguka tena.

Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, inakataza kuuza matunda kabla hayajaanza kuonyesha kuiva, na kwa yule aliyelakiwa njiani inaweka khiyari, yaani haki ya kuuvunja mkataba akifika sokoni na kuijua bei. Wakati wa maua hakuna aijuaye bei ya mavuno, hata dalali mkweli kupita wote. Kwa hiyo mkulima wa Muleba aliyepokea fedha mapema angestahili, kahawa inapoiva, kuruhusiwa kurudisha alichopewa na kubaki na kahawa yake. Na mapatano yenye ruhusa hiyo yangekuwa mkopo, wala si butura tena.