Kesi Isiyo na Tarehe

Laare hakuna anayeahirisha miraa. Ukichuma asubuhi, kufikia mchana iwe imefungwa kwa majani ya mgomba na gari liwe limeshatoka mbio kuelekea Nairobi, kwa sababu baada ya siku mbili hivi nguvu yake imekwisha na unachouza ni vijiti. Nimekulia ndani ya biashara hiyo. Ndiyo iliyonisomesha. Na bado mimi ndiye bingwa wa kuahirisha katika ukoo wetu.

Ninachoahirisha ni mtihani wa mawakili. Ukimaliza digrii unaingia Kenya School of Law kule Karen, kisha unakaa karatasi tisa za Baraza la Elimu ya Sheria, kuanzia kesi za madai hadi mirathi. Usipozipita huapishwi, hata kama mtaa mzima unakuita wakili. Mimi wananiita wakili tangu nikiwa mwaka wa pili chuoni. Pale stejini kuna mzee ambaye kila akiniona ananiuliza habari ya shamba analogombania na ndugu zake, halafu anamalizia na lile lile: "Sasa wakili, utaapishwa lini?"

"Bado kidogo, mzee."

Mara ya kwanza niliahirisha kwa sababu Mama alikuwa amelazwa Maua. Hiyo sina aibu nayo. Mara ya pili hakukuwa na mgonjwa. Nilisema sijajiandaa vya kutosha, na ilikuwa kweli, kama ilivyo kweli kwa karibu kila mtu anayeingia chumba cha mtihani. Mwaka huu, Novemba ilipoanza kunusa karibu, nikajikuta naandika ujumbe kwa familia: "Naona tusukume hadi mwaka ujao." Kabla sijautuma nikalisoma tena hilo neno, tusukume. Mimi na nani?

Marafiki zangu wa Nairobi wana jibu moja kwa mambo haya: jipe muda, ni maisha yako. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye muda anaoutumia ni wake. Kwetu pesa ya karo ni moja, na inaenda kwa zamu. Mdogo wangu alipata nafasi ya chuo na akaambiwa asubiri wakili amalize kwanza. Kila nikisema bado, yeye anapanda mti tena alfajiri kuchuma. Hajawahi kulalamika. Ananiita "siz" na kunibebea begi nikishuka kwa gari, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo nikafanya kitu cha ajabu kidogo. Nikachukua Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010, zile nilizopaswa kuwa nazisomea mtihani, nikajipeleka mahakamani.

Anayeomba kesi iahirishwe lazima awe na sababu ya kutosha. Hapo nilikuwa na jambo moja la kusema mara ya kwanza, na sikuwa na lolote mara ya pili. Pia anaweza kuamriwa alipe gharama za upande uliokuja tayari siku hiyo. Gharama zangu zililipwa na mdogo wangu, bila kuulizwa. Halafu kuna Amri ya 17, inayosema kwamba kesi ikikaa mwaka mzima bila hatua yoyote, mahakama inaweza kuwaita wenyewe waeleze kwa nini isitupiliwe mbali. Mimi daftari langu la mwisho lilikuwa na vumbi la miezi minane.

Nilijitetea, bila shaka. Kungoja si kosa, nikajiambia, muulize mkulima yeyote wa hapa. Uingereza ilipopiga miraa marufuku mwaka 2014, bei ilituangukia kichwani. Mwaka 2020 Somalia nayo ikafunga mlango, na haukufunguliwa hadi Julai 2022. Mama alingoja miaka hiyo yote. Lakini namkumbuka alivyongoja: akipogoa, akipalilia, akiuza kidogo kidogo soko la hapa hapa kwa bei ya kutia huruma. Miti yake ilikuwa tayari siku ndege zilipoanza kuruka tena. Mimi nilikuwa nangoja nikiwa nimekunja mikono, na nikiita hiyo mipango.

Kilichonishtua hasa ni Amri ya 25. Siku zote nimeona kughairi kama kifo na kuahirisha kama uhai, kwamba ukisema "bado" mlango uko wazi, na ukisema "naacha" umeufunga na kutupa ufunguo. Kanuni haisemi hivyo. Mdai anaweza kuiondoa kesi yake kabla haijapangiwa kusikizwa, na kule kuiondoa peke yake hakumzuii kuileta tena baadaye. Ila ana sharti moja: atoe notisi kwa maandishi, na wahusika wote waipate.

Wahusika wote. Nadhani ndiyo maana nilipenda kuahirisha. Halikuhitaji notisi. Ningeweza kubaki wakili wa stejini huku watu wengine wakiendelea kukaa kwenye benchi wakisubiri jina lao liitwe.

Sijui kama ni ujasiri au ni woga uliovaa suti. Inawezekana ningepita. Lakini nilijua kwa uhakika kwamba nisingefungua yale madaftari kabla ya Novemba, na kujua hivyo halafu kusema "mwaka ujao" ulikuwa uongo. Nikafuta ule ujumbe wa kwanza, nikaandika mwingine: mwaka huu nimejiondoa, pesa iende kwa mdogo wangu, nikirudi nitarudi kwa pesa yangu. Nikautuma kwa Mama, kwa mjomba, na kwake.

Alinipigia baada ya dakika kumi. "Siz, uko serious ama ni stress?"

"Niko serious."

Kimya. Halafu: "Basi kesho sipandi mti. Nina makaratasi ya kutafuta."

Mzee wa stejini nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso. "Nimejiondoa, mzee. Sasa ni zamu ya kijana." Akanitazama kwa muda, akatafuna, akasogea kuniachia nafasi kwenye benchi.

"Sawa," akasema. "Lakini ile barua ya shamba bado utanisomea?"