Nia Njema Haiondoi Chumvi

Kuanzia Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege mpaka unaingia Bagamoyo, mafundi rangi wamejaa kandokando ya barabara, na wengi wao ni watu wa swala. Ndiyo maana linanikera jibu ninalolisikia kila rangi inapobabuka: "Mimi nilifanya kwa nia njema, Mungu anajua." Mungu anajua, hilo halina ubishi. Ninachouliza ni kama kujua kwake kunamtoa fundi kwenye deni.

Nitumie kirikuu ya samaki, maana hapa kwetu hakuna gari linalomfunza fundi kuliko hilo. Inatoka ufukweni na matenga kwenda Feri, Dar es Salaam, barafu ikiyeyuka njia nzima. Maji yanayochuruzika kwenye bodi yana chumvi, mafuta ya samaki na magamba. Ndani, dereva amepuliza polishi ya dashibodi yenye silikoni, na mikono hiyohiyo ndiyo inayofunga milango. Ongeza jasho la wapakiaji, ongeza chumvi inayoletwa na upepo wenyewe, uwe kaskazi au kusi. Kirikuu hiyo ikiletwa kupakwa rangi upya, imebeba uchafu wa namna nyingi, na hakuna dawa moja itakayouondoa wote.

Chumvi huyeyuka kwenye maji. Kwenye petroli au thina haiyeyuki, usugue mpaka bega liume. Mafuta na nta, kwa upande wake, hutolewa na kiondoa mafuta cha jamii ya petroli. Maji matupu hupita juu yake tu. Kwa hiyo bodi huoshwa kwanza kwa maji mengi ya bomba na sabuni, ikasuuzwa, ikakaushwa. Kisha hupitishwa kiondoa mafuta kabla msasa haujaigusa, kwa sababu msasa ukitangulia huyazika mafuta ndani ya mikwaruzo. Hapo panatakiwa vitambaa viwili safi: kimoja kinalowesha na kuuinua uchafu, cha pili, kikavu, kinaufuta kabla dawa haijakauka. Ukiiacha ikauke yenyewe, dawa huruka hewani na mafuta yanabaki palepale, tena yametandazwa. Kijana anayetumia tambara moja gari zima hasafishi chochote, anahamisha.

Thina kali wengi wanaipenda kwa kuwa inakauka upesi. Lakini inalainisha rangi ya zamani, na kule kukauka upesi kunalipoza bati. Asubuhi ya Bagamoyo yenye unyevu, bati lililopoa hushika umande. Mafuta ya taa huacha utando. Petroli ya kituoni ina viungo vya injini vinavyosalia kwenye bati, mvuke wake una benzini inayodhuru damu, na cheche moja inatosha kuteketeza gereji.

Kuna jaribio la zamani: mwaga maji safi juu ya bati. Yakitanda sawasawa, mafuta yametoka. Yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo. Ni jaribio zuri, lakini chumvi inalipita. Bati lenye chumvi linaweza kuonekana safi kabisa, likapakwa, likang'aa, mwenye gari akalipa akashukuru. Baadaye ile chumvi inavuta unyevu kupitia kwenye rangi, malengelenge yanavimba, na kutu inaanza kula chini kwa chini. Asiyejua tabia ya chumvi hatakuta kosa lolote kwenye kazi yake, hata aikague kwa moyo mweupe kiasi gani.

Sasa tuje kwenye fikihi. Wengi wetu pwani hii ni Washafii, na mtoto wa madrasa anafundishwa mapema kwamba najisi haziko sawa. Mkojo wa mtoto mchanga wa kiume ambaye bado ananyonya tu unatosha kunyunyiziwa maji. Damu huoshwa mpaka yenyewe iondoke. Chombo alicholamba mbwa huoshwa mara 7, moja kwa udongo; ukirudia mara 7 kwa maji matupu hujakitwaharisha. Na lipo jingine, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: udhu hausihi bila nia, lakini kuondoa najisi hakuhitaji nia. Mvua ikiosha najisi kwenye kanzu iliyoanikwa, kanzu imetwaharika na mwenyewe amelala. Isipofikiwa na maji, nia yake haiitwaharishi.

Barazani, baada ya Alasiri, mzee mmoja alinikanya: "Mwanangu, unawabebesha mafundi mzigo. Umeisahau hadithi ya nia?" Nikamwambia, "Sijaisahau, mzee wangu. Thawabu ni kwa nia. Lakini mwenye kirikuu hakutoa thawabu, alitoa fedha." Alinyamaza kidogo, kisha akasema fundi hakuitia yeye ile chumvi, ameileta bahari.

Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake liko kwenye kisa kinachosimuliwa na Imamu Muslim. Mtume alipita sokoni akatia mkono kwenye lundo la chakula, vidole vikakuta majimaji. Muuzaji alieleza kwamba kilinyeshewa mvua. Naye hakuyatia yeye yale maji! Hata hivyo Mtume alimuuliza mbona hakuweka kile kilicholowa juu, watu wakione. Fundi naye, kama kuna mkunjo wa mlango ambao maji hayafiki, au kutu imeshapenya kwenye kiungio, amwambie mwenye gari kabla hajapokea malipo.

Na toba? Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, ameandika katika Riyadhu Swalihina kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake toba yake ina masharti matatu: kuiacha, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Ikigusa haki ya mwanadamu, linaongezeka la nne, kumrudishia haki yake. Istighfari haiwezi kulipa fedha ya mfanyabiashara wa samaki, kama thina isivyoweza kutoa chumvi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Gari lililobabuka kwa kuoshwa vibaya lirudi gereji, rangi ivuliwe mpaka bati, lioshwe kwa maji, lipitishwe dawa yake, lipakwe upya kwa gharama ya fundi. Nanyi wenye magari, kabla hamjauliza bei ya rangi, ulizeni bodi itaoshwa na nini, na mkiambiwa kiondoa mafuta kina gharama yake, lipeni.