Dau na Kawa

Mtoto wa ami yangu aliuona mwezi mahali ambapo mwezi haukuwapo. Nina hakika na hilo, kwa sababu darubini ilikuwa yangu, na aliyechungulia baada yake ni mimi.

Ilikuwa tarehe 29 Ramadhani, miaka michache iliyopita, juu ya paa la nyumba yetu Malindi, Mji Mkongwe. Wanaoujua mji huu wanaijua bahati yake: unatazama magharibi. Jua huzama baharini mbele ya macho yako, na mwezi mwandamo, ukiwapo, huning'inia juu kidogo ya hapo kwa muda mfupi kabla nao haujalifuata. Tulikuwa watu sita, na sahani ya tende, na birika la kahawa. Chini uchochoroni watoto walikwisha kuanza kelele za Idi, maana watoto hawangojei ushahidi.

Darubini yenyewe si ya kujivunia. Niliinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 70, nayo hukusanya mwanga milimita 700 nyuma yake. Hapo, ndani ya bomba, mwezi hujichora wenyewe: taswira yenye upana wa milimita sita hivi, inayoelea hewani bila karatasi wala ukuta. Kazi ya lenzi ya jichoni ni kuitazama taswira hiyo kama sonara anavyotazama kito. Ukibadili lenzi ya jichoni unabadili ukuzaji: 700 gawanya kwa 25 ni mara 28, 700 gawanya kwa 10 ni mara 70. Lakini lenzi ya mbele haijaguswa, na mwanga ulioingia ni uleule. Umetandazwa tu, kama samli kidogo kwenye mkate mkubwa. Mwezi unakuwa mkubwa zaidi na hafifu zaidi.

Tena taswira hiyo imepinduka. Darubini ya Galileo, ile aliyoonea miezi minne ya Mshtarii mwaka 1610, ilikuwa na lenzi ya jichoni iliyobonyea katikati, na vitu vilionekana wima, ila kwa kijitundu kidogo. Mwaka 1611 Johannes Kepler akapendekeza lenzi iliyotuna. Uwanja wa kuona ukapanuka, na dunia ikageuka: juu ikawa chini, kulia ikawa kushoto. Wanafalaki waliridhika, kwani nyota haina kichwa wala miguu. Darubini nyingi ndogo za leo huuzwa na kioo cha pembeni kinachoirudisha taswira wima. Changu kilipotea njiani kati ya kabati la mwalimu na langu.

Basi, tulifungua kwa tende, na haukupita muda nikaukamata kwa lenzi ya 25. Mstari tu, kama ukucha uliokatwa. Kwetu huku, karibu na ikweta, mwezi mwandamo hulala chali kama dau, pembe juu. Ndani ya darubini yangu dau lilikuwa kawa: limefunikwa, pembe chini. Moyo ulinienda mbio. Nikataka kuuona vizuri zaidi, na hapo ndipo nilipoharibu. Nikachomoa lenzi ya 25, nikatia ya 10. Kwa mara 70 uwanja unakuwa mwembamba sana, na dunia haiachi kuzunguka; kitu ulichokiweka katikati hutoka chenyewe kabla ya dakika tatu. Nikahangaika na kukaza umakini wa taswira, nikampisha mwenzangu, naye akafuta jasho kwanza, akainama.

"Mashaallah! Ule pale!"

Nilipochungulia baada yake niliona anga la waridi, tupu. Nikarudisha lenzi ya 25, nikauokota mwezi ukingoni kabisa mwa uwanja, mbali na katikati. Kwa lenzi ya 10 hakuweza kuwa ameona chochote. Kabla sijamwita arudi, ukungu wa baharini ulikwisha kuumeza, na yeye alikuwa ngazini anashuka kwenda kushuhudia.

Wengi wetu hapa tunafuata madhehebu ya Shafii. Kwa kuanza Ramadhani shahidi mmoja mwadilifu anatosha. Kwa kuimaliza wanatakiwa wawili. Nimeupenda utaratibu huu tangu utotoni: mtu mmoja anaweza kuwapa watu njaa, lakini kuwapa ruhusa ya kula kunahitaji mwenziwe. Wawili hao jioni ile tulikuwa sisi. Mzee tuliyemwendea alikuwa amekaa barazani nje ya msikiti, simu mkononi, tayari kupeleka habari kwa wanaohusika ili ifike Ofisi ya Mufti.

"Umeuona?" aliniuliza.

"Nimeuona, sheikh."

"Pembe zimetazama wapi?"

Nilisema nilichokiona. "Chini."

Akanyamaza. Akamgeukia mwenzangu.

"Juu, sheikh. Kama dau."

"Huyu kauona," mzee akasema. "Wewe, mwanangu, hiyo njaa."

Watu barazani wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ningefanya nini. Kisha nikaanza kueleza habari za lenzi mbili na taswira iliyopinduka. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Sasa umeuona mwezi, au umeiona darubini?" Nikamjibu, kwa adabu, kwamba yeye mwenyewe alikuwa amevaa miwani, na hakuna aliyewahi kukataa ushahidi wake kwa sababu ya kioo. Nilidhani nimempata. Akaivua, akanitazama bila hiyo, macho yamekuwa madogo ghafla. "Nakuona bado," akasema. "Umejaa ukungu, lakini upo. Huo mwezi wako, ukiondoa bomba, upo?"

Sikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia kwamba hata jicho lenyewe huipindua taswira, kwamba ndani ya kila mmoja wetu dunia imesimama kwa kichwa na ubongo ndio unaoinyoosha. Hilo nililikumbuka usiku, kitandani, kama kawaida ya majibu mazuri. Lakini nililokuwa nalo mdomoni palepale, na nikalimeza, halikuwa la fizikia. Ningesema: sheikh, mimi nimeona na huyu hakuona. Kabla mzee hajabonyeza simu, redio ya duka la jirani ikatangaza kuwa mwezi umeonekana kwingine. Takbira zikaanza. Kesho yake tulisali Idi, na kwa hesabu zote ilikuwa Idi kweli.

Kwa hiyo hakuna aliyedhurika, na ningeweza kuyaacha hapo. Kinachonirudisha ni kwamba mwenzangu alisema kweli. Mwezi ulikuwapo angani, na pembe zake zilitazama juu. Hakuuona, lakini alijua mwezi mwandamo hukaaje, na alitaka sana kuuona, na mimi nilikuwa nimemwambia upo. Nina mashaka kama hata yeye alijua kwamba anasema asichokiona. Mimi niliyeuona ndiye niliyesema neno lisilolingana na mbingu. Ningemjibu mzee "juu", ningekuwa nimesema lililo sahihi kuhusu mwezi, na si lililo sahihi kuhusu nilichokiona. Je, shahidi anaulizwa kipi?

Kwa kipimo cha mwezi wenyewe, hatuhitaji shahidi. Hesabu za falaki zinatupa dakika ya kuzaliwa kwake miaka mingi kabla. Shahidi anaongeza kitu kimoja tu ambacho hesabu haina: kwamba jicho fulani lilikuwapo. Akileta anachokijua badala ya alichokiona, hata kikiwa kweli, ameacha nyumbani kile pekee alichoitwa kukileta.

Ninalijua hili kwa kazi yangu, na sikulijua kwa wema. Nasoma hadubini maabara. Lenzi ya jichoni ya mara 10, lenzi ya chini ya mara 100, na tone la mafuta kati yake na kioo cha damu, kwa sababu hewa ingeupinda mwanga utokao kwenye kioo na mwingine ungepotea pembeni. Mafuta yanaupinda karibu sawa na kioo, basi unapita moja kwa moja. Hadubini nayo hupindua. Ukisogeza kioo kulia, damu inakimbia kushoto. Wiki ya kwanza unajiona mlevi. Ya pili mkono umeshajifunza kutafsiri na wewe umesahau kwamba unatafsiri.

Unguja malaria imepungua sana tangu katikati ya miaka ya 2000, hadi chini ya asilimia moja ya watu wanaopimwa katika tafiti za majumbani. Ni neema kubwa, na ni mtihani kwa msomaji wa hadubini. Unasoma kioo baada ya kioo, vyote safi, mpaka unaanza kujua jibu kabla hujainama. Kanuni inataka nyanja 100 kabla ya kusema hakuna. Nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, katika kituo kimoja cha shamba, nilisoma thelathini na kitu kwenye damu ya mtoto wa kike aliyerudi karibuni kutoka bara, nikaandika: hakuna vimelea. Asubuhi yake mkubwa wangu alivipitia tena vioo vya jana. Kwenye uwanja wa sabini na kitu alikutana na pete ndogo ya zambarau. Mtoto alifuatwa kwao, akapewa dawa, akapona. Mkubwa wangu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hakuna, au hukuona?"

Kwa hiyo sasa naandika "sikuona", na idadi ya nyanja. Wauguzi wengine huniona mwenye maneno mengi. Ila mwenzangu ngazini, mkono begani mwangu, tukishuka kwenda kwa mzee, yeye sikumuuliza swali lile. Nilikuwa na ngazi tatu nzima za kumuuliza. Nilihitaji shahidi wa pili, na nilijua kwamba mwezi upo.

Mwaka jana tulikuwa tena juu ya paa, mawingu mazito, hakuna cha kutazama. Alikuwa anamenya chungwa.

"Hivi," akaniambia, "siku ile wewe uliuona kweli?"

"Niliuona."

"Pembe zilitazama wapi?"

"Chini," nikasema.

Akacheka sana, akanipa kipande cha chungwa.