Wanga Si Mchawi

Mama mdogo aliishi na kisukari mwaka wa saba, kidonge chake cha glibenklamidi asubuhi, kisha chai na vitumbua. Siku moja harusini akamkuta shoga yake kapungua hadi gauni linampwaya. "Wanga nimeuacha kabisa," shoga akamwambia.

Kesho yake unga wa sembe wote ukagawiwa majirani. "Huu wanga ndio wanga wenyewe," alitutania, "miaka saba wananiwangia!" Asubuhi ikawa mayai na parachichi, mchana samaki na mchicha, usiku supu. Kidonge hakukibadilisha: kilibaki kile kile, saa ile ile.

Wiki ya kwanza kilo tatu zikapungua, akashangilia. Kumbe nyingi zilikuwa maji. Ini na misuli huweka akiba ya sukari iitwayo glikojeni, na kila gramu yake hushikana na gramu tatu hivi za maji. Akiba ikiisha, maji hutoka na mkojo.

Siku ya tisa nilimkuta kaketi sakafuni jikoni, kisu mkononi, changu kaparuliwa magamba upande mmoja tu. Khanga imelowa jasho, mikono inatetemeka. Akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Nikamtoboa kidole kupima sukari: 2.3. Kwa anayetumia dawa za kisukari, chini ya 4 tayari ni hatari. Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza. Nikamkorogea vijiko vitatu vya sukari katika kikombe cha maji, nikamnywesha taratibu. Baada ya dakika 15 akanitambua. Hospitali walimlaza hadi kesho yake, maana kidonge kile hukaa mwilini muda mrefu na sukari yaweza kushuka tena.

"Mama, kupunguza ugali si kosa," daktari alimwambia. "Kosa ni kutotuambia."

Akatueleza. Mwili ukikosa wanga una njia zake. Ini hutengeneza sukari kutokana na protini, na hugeuza mafuta kuwa ketoni. Ndani ya seli, mitokondria huziunguza ketoni hizo zikatoa nguvu, na hata ubongo hujifunza kuzitumia. Lishe ya namna hiyo imetumika kutibu kifafa tangu miaka ya 1920. Lakini glibenklamidi hulikamua kongosho litoe insulini, umekula hujakula. Insulini ikizidi, ini huzuiwa kutoa sukari, na mafuta nayo hayageuki ketoni. Ni kama nyumba iliyomaliza mkaa, halafu mtu akaja akafunga na gesi. Wa kwanza kuumia ni ubongo. Anayejichoma insulini yuko katika hatari hiyo hiyo.

Na yule shoga? Hakuwa na kisukari. Hamezi kidonge chochote. Mama mdogo aliiga sahani ya mwenzake bila kuuliza kuhusu dawa zake mwenyewe.

Leo dozi imebadilishwa kliniki, naye hula ugali kiasi cha ngumi yake, na kila anachobadilisha mezani hukiandika kwenye daftari kabla ya kwenda kumwona daktari. Mjomba bado humchokoza: "Haya, wanga wamerudi?"

"Hakuna aliyeniwangia," humjibu. "Niliponzwa na ulimi wangu. Harusini ulisema yote, kliniki ukakaa kimya."